Kengele Ililia Mara Moja

Combe Sellick, Devon
9 Machi 1787

Hester mpenzi,

Jana wamemsimika. Nilijilazimisha kusimama mlangoni mwa kanisa na ile kanzu uliyonitilia viraka, nikamtazama Gervase Northcombe akikabidhiwa ufunguo wa kanisa nililolihudumia miaka kumi na mmoja, na nikatabasamu. Taya zinaniuma hadi leo.

Najua utasema ni rafiki yangu. Ni rafiki yangu, sikatai. Tulikaa chumba kimoja Oxford, tukala mkate mmoja, na kila kilichodondoka mezani kilidondokea upande wake. Chuo kilipotafuta mwalimu kilimchukua yeye. Sasa amepewa Combe Sellick pia, kwa sababu mama yake ni dada wa Sir Barnaby Coode, na kiti cha parokia hii kiko mkononi mwa Sir Barnaby, humpa amtakaye kama mtu anavyogawa watoto wa mbwa. Mzee Prowse, kasisi aliyemtangulia, Mungu amrehemu, alinishika mkono wiki ile aliyokufa akaniambia, "Pinhey, hapa ni pako." Nilimwamini. Nilishaanza hata kuchagua chumba ambacho ungeweka meza yako ya kushonea, kile kinachotazama bustani ya matufaha. Sasa chumbani humo Gervase ameweka viatu vyake vya kupandia farasi, na mimi nimebaki kasisi msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi, katika kibanda ambacho kuta zake hutoa jasho hata Agosti. Humo siwezi kumleta mke. Humo nisingemleta hata paka.

Desturi ya kengele unaijua. Kasisi mpya hufungiwa kanisani peke yake, akapiga kengele kwa mkono wake, na watu huhesabu, maana idadi ya milio ndiyo miaka atakayokaa. Parokia nzima ilikuwa makaburini imetega masikio. Gervase akapiga mara moja. Tukangoja. Mlango ukafunguka, akatoka akipangusa mikono.

Eli Chugg, karani wetu wa kanisa, akasema kwa sauti yake ile ya kuitikia Amina: "Moja tu? Kamba imemng'ata, au?"

"Mzee Chugg," Gervase akamjibu, akionyesha makaburi, "niliogopa kuwaamsha hawa."

Wakacheka wote, na wakampenda hapo hapo. Mimi nimewazika baba zao na kuwabatizia watoto, na hakuna aliyewahi kucheka nami hivyo. Roho inaniuma, Hester, na sioni haya kukwambia.

Wako daima,
Ambrose Pinhey


Exeter
14 Machi 1787

Ambrose wangu,

Katika barua yako jina la Gervase limetajwa mara nyingi kuliko langu. Sina neno, ila nimeliona.

Namkumbuka huyo Bwana Northcombe. Alikuja nawe ile siku ya matembezi ya mtoni, mwaka tuliochumbiana. Mvua ilipotushika, wanaume wote mlikimbilia chini ya mti, na yeye akavua koti lake akamfunika punda wa shangazi. Mtu wa namna hiyo siwezi kumchukia kwa agizo lako.

Habari za hapa si nzuri. Shangazi Venn ameamua. Mwisho wa Juni anaifunga nyumba hii na kuhamia Bath kwa ajili ya maji yake ya tiba, na ameshasema mbele ya wakili wake kwamba ama naenda naye nikamsomee magazeti mpaka mmoja wetu afe, ama naolewa. Njia ya tatu hakuna. Nilimwambia kwa sauti kubwa, maana unajua masikio yake, kwamba mchumba wangu bado hana nyumba. Akasema, "Basi ana nini?"

Sikulaumu. Subira huvuta heri, ndivyo tulivyoambiana kila Krismasi. Lakini mwaka huu natimiza thelathini na nane, na Bath ni mbali.

Wako,
Hester


Combe Sellick
19 Machi 1787

Hester mpenzi,

Funga mlango kabla hujaendelea kusoma.

Jana Gervase alipanda mimbarini kuvisoma Vifungu vya Imani. Kila kasisi mpya lazima avisome, vyote thelathini na tisa, kanisani, Jumapili, mbele ya waumini, na kukiri kwamba anaviamini. Alianza vizuri. Sauti unaijua, ni kama asali iliyopashwa moto. Sir Barnaby alikuwa kwenye kiti chake cha fahari karibu na jiko la kupashia kanisa joto, akikoroma. Gervase alipofika kile kifungu cha toharani, Bibi Coode, mke wa Sir Barnaby, akakohoa akatazama saa yake. Gervase akafunga kitabu. "Wapendwa," akasema, "vilivyobaki vitatungoja. Nyama ya mjomba wangu haitatungoja." Watu wakacheka tena, wakaenda zao kula.

Hester, hajavimaliza. Na sheria inasema avimalize ndani ya miezi miwili tangu kusimikwa. Asipofanya hivyo, sheria inamhesabu kama amekufa. Hapelekwi mahakamani wala haombwi udhuru, kiti kinakuwa tupu tu. Jumapili ya mwisho aliyobakiwa nayo ni tarehe sita Mei, na kesho asubuhi anaondoka kuja huko Exeter kumwona tabibu wa koo. Nilimsaidia kufunga sanduku. Aliniuliza, "Kuna kitu nimesahau?" nikamwambia, "Soksi za sufu."

Kiti kikiwa tupu unajua kitakwenda kwa nani. Sir Barnaby amesema mezani, na Chugg alikuwepo akimimina kinywaji, kwamba asingekuwa na mtoto wa dada yake angempa Pinhey, kwa kuwa angalau Pinhey hawindi sungura msituni mwake. Mtoto mwingine wa dada hana.

Je, ni dhambi kunyamaza? Mimi sikumfunga mdomo. Mimi sikumwambia nyama inapoa. Kwa mara ya kwanza maishani kitu kinadondoka mezani kwa upande wangu, nami nimekaa kimya nisije nikakishtua. Niambie unanielewa.

Wako,
Ambrose


Exeter
2 Aprili 1787

Ambrose,

Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa na ya kufikiri.

Nakujibu kwa kifupi: nyamaza. Usimwambie yeye, usimwambie Chugg, na zaidi ya wote usimwambie Sir Barnaby. Palilia bustani yako, batiza watoto, ngoja Mei. Zaidi ya hapo usiniulize.

Bwana Northcombe amekuja kutuamkia, kisha amekuja tena. Koo lake linahitaji kupumzishwa, ndivyo anavyosema, halafu anakaa sebuleni akimsomea shangazi kwa sauti saa nzima. Shangazi anasema ndiye kasisi wa kwanza aliyewahi kumsikia tangu mwanzo mpaka mwisho. Amemwambia arudi kila siku. Mimi napata nafasi ya kwenda sokoni, jambo ambalo sikulipata tangu Novemba.

Kula vizuri. Usilale na soksi mbichi.

Hester


Combe Sellick
9 Aprili 1787, Jumatatu ya Pasaka

Bibi Hester Luscombe,

Nimeongoza ibada zote za Pasaka peke yangu, tangu alfajiri, na sauti imenikauka kweli, si ya kusingizia. Kasisi mkuu hakuja. Sasa najua kwa nini.

Bibi Yeo, mke wa msaga nafaka, alikuwa Exeter Alhamisi kuuza siagi. Alinisubiri nje ya kanisa jana baada ya ibada ya pili, na wewe unamjua, hakosi la kuhadithia.

"Mchungaji," akasema, "nimemwona mchumba wako. Anapendeza, Mungu ambariki, amenenepa kidogo."

"Asante, Bibi Yeo."

"Alikuwa anazunguka ule uwanja wa Kanisa Kuu na kasisi wetu mpya. Kapu kalibeba yeye kasisi. Wanaongea vichwa vimekaribiana kama kuku wawili na punje moja. Wakaniona, wakanyamaza." Halafu akanipiga-piga mkono. "Mimi simo, Mchungaji. Nasema tu nilichoona."

Kwa hiyo hiyo ndiyo nafasi ya kwenda sokoni. Kila siku yumo sebuleni, Alhamisi yumo uwanjani, na kapu nililolinunua mimi yumo analibeba. Kikulacho ki nguoni mwako. Nyumba alishaichukua, nikasema basi, ni mjomba wake. Waumini amewachukua kwa utani mmoja juu ya makaburi, nikasema basi. Sasa anataka nini tena kwangu, sahani ninayolia chakula?

Nawe umeniandikia ninyamaze, ningoje Mei, nisikuulize. Nakuuliza. Mnaongea nini ambacho mke wa msaga nafaka akipita mnanyamaza?

Ambrose Pinhey


Exeter
16 Aprili 1787

Ambrose,

Nimeichana barua yako, kisha nimeiunga, kisha nimeichana tena.

Ndiyo, alibeba kapu. Lilikuwa na viazi. Ndiyo, tulinyamaza, kwa kuwa Bibi Yeo akijua jambo, Devon yote inajua kabla ya chakula cha jioni. Kuna jambo tunaloongea ambalo siwezi kukuambia, na siku moja utashukuru kwamba hukuambiwa. Najua hayo ni maneno mabaya kumwandikia mwanamume mwenye wivu. Nimetafuta mengine usiku kucha na sikuyapata.

Nimekungoja miaka yote hii bila kukuuliza unaongea nini na nani. Nakuomba wiki tatu. Usije huku, usiandike kwa mtu yeyote, na usifanye lolote. Kama ulinipenda hata ile siku ya mvua, usifanye lolote.

Hester


Combe Sellick
28 Aprili 1787

Kwa Mheshimiwa Sir Barnaby Coode, Sellick Hall

Mheshimiwa Bwana,

Naandika kwa unyenyekevu wote, nikisukumwa na wajibu wangu kwa parokia hii na upendo nilio nao kwa mpwa wako, ambaye kwangu ni zaidi ya ndugu.

Huenda mheshimiwa hakuona, kwa sababu ya ile tafakari ya kina aliyokuwemo Jumapili ile, kwamba Mchungaji Northcombe hakuvimaliza Vifungu vya Imani. Sheria inataka vimalizwe kufikia Jumapili ya tarehe sita Mei, la sivyo kiti kinapotea, na hasara itaifikia familia yako tukufu. Ningemkumbusha mwenyewe, ila kwa sasa yuko Exeter, ambako nasikia kuna mivuto ya mjini inayomchelewesha zaidi ya koo lake. Huenda agizo la mjomba likamfikia kwa nguvu kuliko neno la msaidizi.

Sina faida yoyote katika jambo hili, kama mheshimiwa anavyojua vizuri.

Mtumishi wako mtiifu,
A. Pinhey


Combe Sellick
7 Mei 1787

Hester,

Nimefanya ulilonikataza, nami nakuandikia mwenyewe kabla hujasikia kwa Bibi Yeo.

Nilimwandikia Sir Barnaby. Karibu wiki mbili baada ya barua yako nilishindwa kuvumilia. Kila nilipofumba macho niliwaona mkizunguka uwanja ule, naye anacheka, nawe unacheka. Nikajiambia, kiti kikipotea nitapata nyumba, lakini mpaka Mei ifike atakuwa amekupata wewe, na nyumba ile nitakaa na nani? Nilikuwa na maneno mawili mdomoni. Moja la kunyamaza ili nipate nyumba, moja la kusema ili aondoke Exeter. Nikasema.

Jana alisoma. Alifika Jumamosi kwa gari la mjomba wake, amekaa katikati ya watumishi wawili kama mwizi wa kondoo. Alipanda mimbarini akavisoma vyote tangu cha kwanza, bila utani hata mmoja, na Sir Barnaby alikuwa macho, amekaza shingo, akihesabu kwa vidole. Alipomaliza alikiri kwamba anaviamini. Chugg akaitika Amina. Kisha akanong'ona kwangu, "Sasa huyu hang'oki hata kwa ng'ombe wanne."

Mpaka hapo nilikuwa na furaha, Hester, furaha ya kijinga, kwamba yuko hapa na wewe uko huko. Ilikuwa nikizima mishumaa ndipo nilipoona vizuri. Nyumba imekwenda, na Juni inakuja, na mwenye kuifukuza ni mimi kwa mkono wangu. Gervase alinipita mlangoni. Nilidhani atanitukana. Akasema tu, "Ah, Pinhey. Wewe bwana."

Ulisema wiki tatu. Zimepita. Niambie sasa.

Ambrose


Exeter
11 Mei 1787

Ambrose,

Keti chini.

Gervase hakusahau. Alifunga kitabu kwa makusudi. Kiti cha Combe Sellick hakukitaka hata siku moja. Mjomba wake alimlazimisha, na mjomba huyo ndiye anayemtunza mama yake. Angekataa, mama angetolewa nyumbani. Lakini angekipoteza kwa kusahau, mjomba angemwita mpumbavu na kupiga meza mwezi mzima, basi. Mpumbavu husamehewa katika familia ile, wamezoea. Mkaidi ndiye hasamehewi. Na chuo chake Oxford kimemwekea nafasi yake kwa mwaka mmoja. Angerudi huko kabla ya mjomba kumaliza kupiga meza. Walimu wa chuo kile hawaruhusiwi kuoa, lakini anasema vitabu vinamtosha.

Na kiti kingekuja kwako, kama ulivyojua mwenyewe. Hilo ndilo alilokuja kuniambia siku ya kwanza, akiwa na matope mpaka magotini. Alitaka kujua kama shangazi anaweza kungoja mpaka Julai. Tulizunguka uwanja ule tukipanga namna ya kumpembeleza.

Utauliza kwa nini hukuambiwa. Kwa sababu siku ya kukabidhiwa ungeapa mbele ya Askofu, mkono juu ya Injili, kwamba hujui mpango wowote uliofanywa na mtu yeyote kukupatia kiti. Wewe huwezi kuapa uongo. Ukidanganya hata kuhusu soksi masikio yako huwa mekundu. Ilibidi usijue, ili uape ukiwa safi. Nilikuandikia kila nilichoweza kuandika bila kukuchafua.

Gari lilipokuja mlangoni petu Gervase angeweza kujilaza akajifanya mahututi. Lakini mjomba aliandika ni nani aliyemkumbusha na lini. Baada ya hapo asingekuwa tena mtu aliyesahau. Aliisoma ile barua amesimama ukumbini, akacheka kidogo, akaomba kofia yake.

Sasa nikwambie yangu. Uliponyamaza ili rafiki yako aanguke, niliumia, nikajiambia ni njaa, miaka mingi ya kuta zenye jasho humfanya mtu hivyo. Uliposema ili nisionekane naye, nilijua si njaa. Siku tatu hizi nimekuwa nikianza barua ya kukuambia kwamba naenda Bath. Kila nikifika katikati nakumbuka jambo moja. Umeitupa nyumba yenye bustani ya matufaha, na zaka, na heshima yote, ili nisitembee na mwanamume mwingine nikiwa na kapu la viazi. Sijui kama nimetukanwa au nimethaminiwa. Nadhani ni yote mawili, na hakuna mwanamke Exeter aliyewahi kulipiwa bei kubwa namna hiyo kwa ujinga mkubwa namna hiyo.

Sitaki Bath. Nitakuja kwenye kibanda. Nitaleta blanketi zangu na chokaa ya kuta, na shangazi ametoa vijiko, na amesema kwa sauti iliyosikika mtaani kwamba mimi ni mwehu.

Lakini nina sharti. Matangazo ya ndoa yetu atayasoma Gervase, Jumapili zote tatu. Wewe utakaa benchi la mbele na kusikiliza jina langu kinywani mwake, bila kukunja uso. Hiyo ndiyo adhabu yako. Nimeshamwandikia kumwomba na amekubali, kwa hiyo usijaribu kubadilisha.

Hester


Nyumba ya Kasisi, Combe Sellick
14 Mei 1787

Pinhey,

Nampa Chugg barua hii avuke nayo njia, maana milango yetu inatazamana, na jambo hili siwezi kulisema nikikuangalia.

Hester ameniandikia kwamba sasa unajua. Umekuja kwangu mara mbili kuomba radhi na mara zote mbili nimejificha ghalani. Radhi sitaki. Ulimwandikia mjomba kwamba kuna mivuto ya mjini inayonichelewesha. Ulirusha jiwe gizani, Pinhey, na ukalisikia likimpata mtu. Mtu huyo ni mimi.

Ni tangu ile siku ya punda. Nilivua koti kwa sababu yeye alikuwa akimhurumia yule mnyama, na wewe ulikuwa mtini ukikamua soksi. Alikuwa mchumba wako, basi nikarudi Oxford. Hakuna neno nililomwambia wakati ule, wala huko Exeter, wala uwanjani. Tuliongea juu ya nyumba yako na uchakavu wa paa lako mpaka nikachoka na paa lako. Nilichotaka ni akae mahali pasipovuja. Mpango ule haukuwa kwa ajili yako, usijisifu.

Kwa hiyo uliona sawasawa, na ulikosea tu kuhusu nilichokuwa nakifanya. Nilitaka ujue, kwa sababu nimechoka kuitwa mwizi na mtu ambaye sikumwibia, na pia kwa sababu naona tumefanana. Wivu ulionao juu yangu, mimi ninao juu yako tangu tukiwa vijana. Mimi nimeuvalisha nguo nzuri tu.

Yeye hajui. Akijua hatakuwa na raha kuja hapa kunywa chai, na chai hiyo naihitaji, maana sasa nimefungwa nanyi. Chugg ananiambia kengele haikosei kamwe, na kila nikikohoa ananitazama kwa matumaini.

Matangazo nitayasoma. Aliniomba kwa furaha sana, akasema hakuna sauti anayoipenda kuliko yangu kwa jambo hilo. Sikuona jinsi ya kukataa bila kumwambia sababu.

Choma karatasi hii.

G. Northcombe


Combe Sellick
21 Mei 1787

Hester mpenzi,

Nimeupaka chokaa ukuta wa kaskazini na umekauka. Mafundi wa Sir Barnaby walikuja Ijumaa wakabadilisha mbao za paa, na hakuna aliyeniambia nani amewatuma. Kuna nafasi ya meza ya kushonea dirishani. Hutaona matufaha, utaona nyumba ya kasisi.

Jana tumetangazwa mara ya kwanza. Nilikaa benchi la mbele kama ulivyoagiza, na sikukunja uso. Gervase alisoma jina langu, kisha akasoma lako, Hester Luscombe, wa parokia ya Exeter. Alilisoma vizuri. Alipofika pale pa kuuliza kama kuna yeyote ajuaye kizuizi, akasimama. Alisimama muda mrefu, ameshika kingo za mimbari, akitazama kitabu. Watu wakaanza kugeukiana. Bibi Yeo akanyoosha shingo. Ndipo Chugg, ambaye hawezi kuvumilia kimya kanisani, akaitika Amina mahali ambapo hapana Amina, watu wakacheka, na Gervase akacheka nao, akaendelea.

Baada ya ibada nilimwona nyuma ya kanisa akijaribu kufungua mlango kwa ufunguo usio wa mlango huo, tena na tena. Sikwenda kwake.

Sasa nina ombi, na najua ulisema nisibadilishe. Jumapili mbili zilizobaki, asome mzee Tapscott wa parokia ya jirani. Ni kigugumizi na hana meno, atayasoma mpaka jioni, lakini nimeshaongea naye, amekubali kwa chupa moja ya kinywaji. Usiniulize kwa nini, au uliza, nikujibu. Siwezi kuvumilia kumsikia Gervase akilitaja jina lako. Nilidhani ningeweza na nimeshindwa siku ya kwanza. Ni wivu, Hester. Unanijua.

Mwandikie leo hii, maana mimi hatanikubalia. Mwambie Pinhey ni yule yule, hajajifunza kitu, na kwamba umeona afadhali umridhishe kuliko kugombana kabla ya harusi. Cheka unapoandika, ili aone umecheka. Lawama zote ziwe zangu, nimezizoea.

Kisha njoo na hizo blanketi. Na siku ya kwanza tukiwa na chai, tumwalike.

Wako,
Ambrose